Uso wa Mashine ni Mlango wa Umma

Iko fikira moja iliyoenea sana miongoni mwetu, nayo ni kwamba sanaa ni pambo. Nyumba hujengwa kwanza, kisha akaitwa fundi wa rangi. Kitabu huandikwa kwanza, kisha akatafutwa mchoraji wa jalada. Na siku hizi mashine hutengenezwa kwanza na wahandisi, kisha, kama fedha zimebaki, akaitwa kijana mmoja atie rangi na nembo. Fikira hiyo twaikataa. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba, kwa upande wa mashine za kidijitali, sanaa ndiyo mlango wenyewe wa nyumba, na kwamba taifa lililowaachia wengine kazi ya kuchonga milango yake lisishangae wananchi wake wakibaki nje.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kila simu na kila kompyuta ina sehemu mbili. Iko sehemu ya ndani, ambayo ni hesabu tupu, na mtumiaji haioni. Na uko uso wake, yaani maandishi, picha ndogo, vitufe, na mpangilio wa maswali na majibu, ambavyo mtu huviona na kuvigusa. Wataalamu wa istilahi wameuita uso huo kiolesura. Mkulima atakaye kulipa ada ya mwanawe, mama atakaye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mstaafu afuatiliaye kiinua mgongo chake, wote hao hawakutani na hesabu ya ndani. Wakutana na uso. Zamani walikutana na karani dirishani. Karani akiwa mkali, au akisema lugha wasiyoielewa, palikuwa na mkubwa wake wa kumpelekea malalamiko. Leo dirisha limegeuka kuwa kioo, na kioo hakina mkubwa anayejulikana.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni ya uhandisi na kwamba washairi na wachoraji hawana mahali humo. Hao hawaijui historia ya mashine wanazozitukuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Apple ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa mwaka 1984, ilimwita msanii aitwaye Susan Kare akae pamoja na wahandisi. Mama huyo hakuwa mhandisi. Alikuwa amesomea sanaa hadi shahada ya uzamivu. Alichukua karatasi ya miraba, akahesabu miraba 32 kwenda juu na 32 kwenda kando, na kwa kuijaza baadhi na kuiacha mingine tupu akachora alama ambazo watu walizielewa kabla ya kufundishwa. Alama moja ya kibodi aliipata katika ishara zinazotumika Uswidi kuonyesha mahali pa kihistoria. Miraba 32 mara 32 ni 1,024. Humo ndani ya nukta 1,024 mlitoka lugha ya picha ambayo dunia nzima yaitumia hadi leo.

Msusi wa mkeka wa Pemba angeielewa kazi hiyo mara moja. Yeye naye hana kalamu wala brashi. Ana ukili wa rangi mbili au tatu, naye huhesabu: juu, chini, ruka, juu; na katika hesabu hiyo hutoka ua, hutoka nyota, na hata maandishi. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani aliitwa mezani mwa wahandisi mashine ikiwa bado yatengenezwa, akalipwa, na jina lake likaandikwa. Msusi wetu huitwa siku ya maonyesho tu, akapigwa picha, akarudishwa nyumbani.

Basi wenzetu walichora walichokiona kwao. Kabla ya Macintosh, mwaka 1981, kampuni ya Xerox ilikuwa imetoa kompyuta yake iitwayo Star, ambayo uso wake ulifananishwa na meza ya ofisi: majalada, nyaraka, kabati. Hatuwalaumu kwa hilo. Kila fundi huchora nyumba ya kwao. Lakini tutazame yale tuliyoyapokea bila kuuliza. Alama ya mwanzo, mahali pa kurejea, mara nyingi ni kijumba chenye bomba la moshi juu ya paa, nyumba ya nchi za baridi iwashayo moto sebuleni. Alama ya akiba katika programu nyingi za benki ulimwenguni ni nguruwe mwenye tundu mgongoni. Je, huko Unguja, Tanga, Lamu na Mombasa, mzee atokaye msikitini aambiwe amkabidhi nguruwe akiba yake? Na sisi tunacho kibubu, cha mbao au cha udongo, ambacho kila mtoto wa pwani na wa bara akijua, na ambacho kazi yake yaeleweka bila maneno: chaingiza, hakitoi, mpaka kivunjwe. Haikuhitajika elimu ya juu kukichora kibubu. Ilihitajika mtu mmoja mezani ambaye amewahi kukivunja.

Au chukua saa. Simu yatwambia 07:00, nasi twasoma saa moja asubuhi, na tumezoea. Lakini mgonjwa wa kijijini apelekewapo ujumbe usemao afike hospitali saa 2:00, afanyeje? Kwa hesabu ya mashine huo ni mchana, ambao sisi twauita saa nane. Kwa hesabu yake yeye, ambayo ni ya babu zake na ndiyo ya Kiswahili, hiyo ni saa mbili asubuhi. Atafika mapema akashinda na njaa, au, ikiwa mwandishi wa ujumbe alikusudia asubuhi naye msomaji akaambiwa na mjukuu wake kwamba mashine huhesabu vingine, atafika zamu imekwisha. Maneno mawili tu, "mbili asubuhi" au "nane mchana", yangalimwokoa. Kuyaweka maneno hayo mahali pake ni kazi ya sanaa, hata kama haina rangi yoyote.

Hapa yatupasa kuwageukia wapinzani wa aina ya pili, ambao ni rafiki zetu na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Hao hukubali kwamba uso wa mashine uwe wa kwetu, kisha wakabandika twiga pembeni, mlima Kilimanjaro juu, na mchoro wa Tingatinga chini, wakasema kazi imekwisha. Vitufe vimebaki vilevile, maneno ni yaleyale ya kigeni, na utaratibu ni uleule. Marehemu Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za miraba kwa sababu hizo ndizo alizoweza kuzipata, akazitii, akazishinda. Kumheshimu ni kufanya kama alivyofanya, si kumgeuza kuwa karatasi ya kufungia bidhaa ya watu wengine.

Mfano bora zaidi umo mabegani mwa mama zetu. Kanga ina sehemu tatu, na kila mwanamke wa Kiswahili azijua: pindo, mji na jina. Pindo lauzunguka mji na kuulinda. Mji wabeba picha kuu. Jina, yaani maneno, lakaa mahali pake maalumu chini ya mji, wala halitangitangi. Hakuna mtu afunzwaye kuisoma kanga. Ajuaye kusoma husoma jina. Asiyejua huutazama mji na pindo, akaelewa kama ni ya arusi au ya maombolezo. Huo ni uso uliopangwa kwa akili. Mwenye kupanga uso wa simu na aende akajifunze hapo: mahali pamoja pa jambo kuu, mpaka unaoonyesha wapi mwanzo na wapi mwisho, na maneno machache yaliyowekwa pale jicho linapoyatazamia. Asiige maua ya kanga. Aige utaratibu wake.

Sasa tuje kwenye neno, ambalo ndilo shamba letu sisi washairi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikafuata. Kwa miaka mingi huduma hizo zimepita katika simu ndogo zisizo na picha wala rangi. Mtu huandika nyota, tarakimu na alama ya reli, na uso wote ni maneno: chagua 1, chagua 2, weka namba, weka kiasi. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160 tu. Wahandisi huliona hilo kuwa ni kizuizi. Sisi tuliolelewa katika bahari ya mizani, nane kwa nane, twaliona kuwa ni jambo la kawaida. Tazama ubeti huu tulioutunga kwa kusudi hilo:

Namba yako ni ya siri, asiijue mwenzako
Soma jina kwa hadhari, utume kilicho chako
Ukiiona ni shari, acha, rudi utokako
Fedha haina safari, bila ya idhini yako.

Ukihesabu herufi, nafasi na alama zote zilizomo ndani ya mistari yake, haizidi 160. Hatusemi benki zitumie tarbia. Twasema kwamba ufinyu wa mahali haujawahi kuwa udhuru wa kusema ovyo, na kwamba nchi hii ina watu maelfu waliozoea kupima neno kabla ya kulitoa.

Na pale neno lilipopimwa, tunda lilionekana. Nchini Kenya, ilipoletwa njia ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaenda, njia hiyo iliitwa Hakikisha. Neno moja, kitendo kimoja, nasaha ya mzee kwa mwanawe. Vivyo hivyo maneno pakia na pakua. Yalitoka bandarini na jikoni, kwenye shehena na kwenye chungu cha wali, yakaingia katika kompyuta bila kubisha, kwa sababu kila mtu alikwisha kuyajua kazi yake. Haya ni matunda ya sikio, si ya kamusi peke yake.

Linganisha na nyuso nyingi za mifumo tunayokutana nayo. Mtu amejaza fomu kwa nusu saa, kisha aambiwa: "Kosa limetokea." Kosa la nani? Limetokea wapi? Afanye nini sasa? Karani ambaye angemjibu mwananchi hivyo dirishani angeonywa. Au tazama namba ya utambulisho ya raia wa Tanzania, yenye tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Zinazobaki ni 12, zikiwa zimegawanywa 5, 5 na 2. Mwenye kujua ushairi aona mara moja kwamba namba hiyo ina vipande na kituo, nayo yaweza kukaririwa. Lakini mashine impapo mtu kisanduku kimoja kirefu cha kuingiza tarakimu 20 mfululizo, mzee mwenye macho mafifu atakosea ya kumi na tatu, na ataambiwa kwamba kosa limetokea.

Yako matokeo ya hayo yote, nayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mtu asiyeuelewa uso wa mashine hutafuta msaada. Humpa simu kijana aliye jirani, au mtu asiyemjua kwenye kibanda, na pamoja na simu humpa namba yake ya siri. Tangu dakika hiyo siri si siri, na mali si mali. Wizi wa namna hiyo twaufahamu sote, na kila mara husemwa kwamba mwananchi alizembea. Twauliza: nani alizembea kwanza, yule aliyefunguliwa mlango asiouelewa, au yule aliyeujenga?

Wala si kweli kwamba hakuna ajuaye thamani ya neno la Kiswahili katika mashine. Wakopeshaji waijua. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kadhaa kati ya hizo zilibeba maneno yetu wenyewe, mkopo na pesa, katika majina yao. Wito wa kukopa huandikwa kwa Kiswahili kitamu, kwa herufi kubwa, juu ya kitufe chenye rangi ya kupendeza. Masharti ya kulipa, mara nyingi, huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, kurasa kadhaa, chini ya kisanduku ambacho mtu hukitia alama bila kukisoma. Huo nao ni usanii, tena usanii wa hali ya juu. Mtu amekaa akapanga kipi kionekane na kipi kijifiche. Kwa hiyo swali la kama sanaa iwemo katika mashine ama isiwemo limekwisha kupitwa. Sanaa imo. Imeajiriwa na wauzaji, nasi tumeiacha ikiwa bila kazi katika ofisi za umma.

Twajua hoja tutakazojibiwa. Ya kwanza ni kwamba sayansi husema Kiingereza, na Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo maagizo yake yote ni ya Kiswahili. Miongo miwili imepita. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na mahakama za Tanzania, na mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Lugha itoshayo kumhukumu mtu kifungo haitoshi kumwelekeza abonyeze wapi?

Hoja ya pili ni kwamba vijana wamezoea, na wazee watakufa. Hoja hii ina ukatili, lakini tuijibu kwa upole. Mazoea si maelewano. Kijana abonyezaye neno la Kiingereza kwa sababu ni la kijani na liko chini kulia hajasoma, amekariri mahali. Siku watakapolihamisha atapotea kama babu yake.

Hoja ya tatu ina ukweli ndani yake, nasi twaukubali. Yasemwa kwamba baadhi ya istilahi zetu ni ngumu kuliko za kigeni, na kwamba mtu aambiwapo tarakilishi hukimbilia kusema kompyuta. Ni kweli, na asilazimishwe. Neno halikubaliwi kwa amri. Hupelekwa sokoni, likanunuliwa au likarudi. Lakini tukumbuke kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, huletewa maneno mara nyingi wakati mashine imekwisha kukamilika, likaombwa litafsiri kitufe kimoja kimoja bila kuuona uso mzima. Huko ni kumpa mshonaji vitufe vya shati na kumficha shati.

Basi twapendekeza mambo manne, nayo si ya gharama kubwa.

La kwanza, kila mfumo wa umma uandikwe kwa Kiswahili tangu karatasi ya kwanza ya mchoro, kisha ndipo utafsiriwe kwa lugha nyingine kwa faida ya wageni. Kilichofikiriwa katika lugha ngeni huonekana kigeni hata kikivikwa kanzu.

La pili, katika meza ya wahandisi awepo mwandishi mmoja na mchoraji mmoja, wenye mshahara na wenye sauti. Wasiitwe siku ya uzinduzi kusoma utenzi wa kumsifu mgeni rasmi.

La tatu, kabla ya mfumo kufunguliwa, upelekwe zahanati, sokoni na kijijini, apewe mama wa makamo ambaye hajaonyeshwa, na mtengenezaji akae kando kimya, amtazame. Pale mama atakaposita, mashine ndiyo yenye kosa, na mashine ndiyo irekebishwe.

La nne, kila sharti la fedha liandikwe kwa lugha ileile na kwa ukubwa uleule wa herufi kama wito wake, juu ya uso uleule. Aliyeweza kutuita kwa Kiswahili aweza kutuonya kwa Kiswahili.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Siku zile utamaduni ulikuwa katika ngoma zilizodharauliwa, katika nyimbo zisizoimbwa shuleni, katika majina yaliyoonewa haya. Leo umo pia katika kioo cha upana wa kiganja, ambacho mtu hukitazama aamkapo kabla hajamtazama mwenzake. Wizara, mabaraza, vyuo vya sanaa na vyama vya waandishi wana wajibu hapo ule ule waliokuwa nao kwenye ngoma na nyimbo.

Mgeni akija kwetu hupiga hodi, naye mwenyeji huitikia karibu. Katika mashine za ofisi zetu mambo yamegeuzwa: mwananchi, ambaye ndiye mwenye nyumba, asimama nje akipiga hodi kwa lugha ya watu, na ndani hakuna aitikiaye. Tuwatake watengenezaji, na tujitake wenyewe tulio katika utumishi wa umma, tuitikie.